Watazamaji wa Kochi la Kijani

Fundi makochi alikuwa na vidole vinene, na kompyuta haikuvipenda. Akilenga alama ya mkasi, kishale kinatua kwenye kikapu cha taka. Akitaka kusogeza kipande cha video mbele kidogo tu, kipande kinaruka na kwenda kujibanza mwisho kabisa kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Wenzake walikuwa vijana waliokua na simu mkononi. Walimaliza zoezi wakaanza kupiga soga, yeye bado anatafuta pa kubonyeza ili sauti irudi. Mwalimu, binti mwenye miwani mikubwa na subira ndogo, alikuja nyuma yake mara kwa mara, akamshika mkono juu ya kipanya, akamwambia, "Taratibu, mzee. Haikimbii." Fundi hakuwa mzee. Alikuwa na mvi chache kidevuni na mke aliyekuwa mbali, basi.

Darasa lenyewe lilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi na misumari, na feni yake moja ilikuwa imegeuziwa mwalimu. Mlangoni palibandikwa tangazo la kujifunza kutengeneza video za biashara. Fundi alilipita tangazo lile mara nyingi akienda kununua stepla na gundi, bila kulijali. Alianza kulijali pale kwenye kona ya barabara lilipofunguliwa duka kubwa la makochi yaliyokuja tayari, yamefungwa nailoni, na watu wakaanza kuyajua kwa majina kabla hawajayakalia, kwa sababu ya video. Makochi hayo yalikuwa ya mbao laini na sponji ya kubahatisha. Fundi aliyapapasa siku moja akijifanya mteja, akacheka kimoyomoyo. Lakini kicheko cha kimoyomoyo hakileti mteja, na karakana yake ikawa inalala tu.

Angekuwa peke yake angevumilia. Ila mkewe alikuwa ng'ambo, akifanya kazi za ndani kwenye nyumba ya watu, na mkataba wake ulikuwa unaisha. Mwajiri alikuwa amekwisha kumwekea mwingine mezani, wa miaka miwili tena. Mume na mke walikuwa wamekubaliana jambo moja lisilohitaji kufafanuliwa: karakana ikisimama kwa miguu yake, mama anarudi nyumbani, isiposimama, anasaini.

Kwa hiyo Fundi aliuza televisheni, akauza na kabati la vyombo, akalipia darasa. Kabati lile mkewe alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa huko ng'ambo, akapigiwa simu kuonyeshwa linavyoingizwa mlangoni, akalia kwa furaha. Fundi hakumwambia kwamba limetoka. Badala yake alimwambia kamera ya mbele ya simu imeharibika, kwa hiyo hawawezi tena kupigiana simu za kuonana. Tangu hapo wakawa watu wa ujumbe wa sauti, na wa kupigiana kwa kifupi mchana, nyumba ya mwajiri inapojilaza baada ya chakula.

Uongo wa namna hii huwa hauna kelele. Unakaa tu ndani ya nyumba, unakula nawe.

*

Video ya kwanza aliitengenezea nyumbani. Alilitoa kochi la kijani, kazi yake nzuri kuliko zote mwaka ule, akaliweka chini ya turubai la karakana, mgongo wake ukielekea mlango wa nyumba. Akaegemeza simu kwenye kopo la gundi, akasimama pembeni ya kochi, mikono haijui iende wapi.

Alirekodi mara nyingi akaharibu. Mara aseme "mbao ngumu" kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu, mara asahau namba yake mwenyewe ya simu. Ile mara iliyokwenda vizuri, ulimi umekuwa mwepesi, anabonyeza sponji na kueleza inavyorudi mahali pake, binti yake akatokea shuleni. Binti huyo nyumbani walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Alipita nyuma ya kochi na mkoba wake, akasema, "Baba, nimerudi, kuna nini cha kula?" Kisha akaiona simu, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akakimbilia ndani akicheka na kuuacha mlango wazi nyuma yake.

Fundi hakusimama. Alimaliza maneno yake, akazima. Hakuwa na moyo wa kurudia tena, na kusema kweli alikuwa hajawahi kuzungumza vizuri kiasi kile mbele ya kitu chochote chenye kioo. Akakata mwanzo na mwisho kama alivyofundishwa, akaandika namba yake kwa herufi za manjano, akaipakia kwenye ukurasa wake mpya.

Halafu ikaanza kutazamwa.

Siku za kwanza namba ilikwenda kwa kujikongoja. Baadaye ikachanganya miguu. Fundi akipiga stepla mbili tatu, anaweka bunduki ya stepla chini, anapangusa mikono, anachungulia. Imepanda. Anarudi kuvuta kitambaa, anachungulia tena. Chiriku alimwambia simu itachoka kutazamwa, lakini naye akitoka shule swali lake la kwanza lilikuwa, imefika ngapi? Nyumba ile haikuwa imepata furaha ya pamoja kwa muda mrefu, na wakaitumia hiyo.

Simu ya mteja haikulia. Mmoja tu alipiga, kuuliza kama wanauza magodoro. Fundi hakuvunjika moyo. Aliamini watu hutazama kwanza, wanakwenda kushauriana na wake zao, ndipo wanakuja. Akamtumia mkewe ujumbe wa sauti, sauti yenyewe imepanda juu kidogo.

"Mama Chiriku, usisaini. Nasema usisaini kwanza. Watu wanatazama video, wengi, kila siku wanaongezeka. Wateja wako njiani."

Jibu lilichelewa, kisha likaja la kifupi. Mkewe alisema amefurahi sana, Mungu azidi kumfungulia. Akaongeza kwamba Chiriku ashonewe sare nyingine, ile imemfupia mikono. Fundi akadhani mtoto amemlalamikia mama yake kwa siri, akamwuliza. Chiriku akasema yeye hajasema kitu.

*

Mwalimu alikuwa na utaratibu wa kuonyesha kazi ya kila mwanafunzi ukutani, wote wakaisema. Ilipofika zamu ya Fundi, kochi la kijani likajaa ukuta mzima, naye akajiona mkubwa kama mlango, shati limetoka upande mmoja. Akajikaza. Chiriku alipopita na kuuliza kuna nini cha kula, darasa zima likaangua kicheko. Hakikuwa cha ubaya. Lakini mtu aliyeuza kabati ili akae kwenye kiti kile hakuweza kutofautisha.

Mwalimu aliisimamisha video. Alisifu mwanga, akasifu maelezo ya sponji. Halafu akaanza kupunguza. Shati. Ukimya wa mwanzo. Mbwa anayebweka mbali. Akafika kwa Chiriku.

"Huyu ni nani?"

"Binti yangu."

"Ni mzuri, Mungu amtunze, lakini mkate. Mzee, mteja ananunua kochi, hanunui maisha yako. Huu mlango nao, umeacha chumba kinaonekana ndani hakina kitu. Mtu akiona fundi makochi nyumbani kwake kumekauka hivi, atakuamini? Kisichouza, kata."

Vijana wawili waliinama kuficha nyuso zao. Fundi aliitikia kwa kichwa, akaandika "kata mlango" kwenye kiganja chake kwa kalamu, maana karatasi hakuwa nayo.

Ajabu ni kwamba safari hii mkono ulikubali. Siku kadhaa zilizofuata alikaa kwenye kompyuta ile akakata, akavuta picha karibu mpaka mlango ukatoka nje ya fremu, akaunganisha pale alipoondolewa Chiriku kwa namna ambayo hata yeye hakuona mshono. Alijua kushona, na sasa akagundua kwamba kazi zenyewe ni ndugu. Akaondoa sauti yote, akaweka muziki wa kinanda uliokuwa bure ndani ya programu, na maelezo yakawa maandishi yanayoteleza kutoka kulia. Mwalimu alipoiona akapiga makofi mwenyewe. Ilifanana kabisa na video za duka la kona. Akamshauri ile ya kwanza aifiche, maana video mbili za kochi moja zinamchanganya mteja. Fundi akaificha.

*

Video mpya ilikaa ilipowekwa. Siku ya kwanza ilitazamwa na watu wa kuhesabika kwa vidole, na Fundi alijua baadhi ya vidole hivyo vilikuwa vyake. Siku ya pili hivyo hivyo. Wiki ikaisha namba imejilaza kama paka juani.

Mchana mmoja mkewe akapiga. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama kawaida ya mtu anayezungumzia kwenye chumba cha kufulia nguo, wenye nyumba wamelala.

"Baba Chiriku, ile video siioni. Imeondoka?"

"Nimeificha. Nimeweka nyingine, nzuri zaidi. Hujaiona?"

"Nimeiona. Nzuri. Umejifunza kweli."

"Mwalimu mwenyewe amepiga makofi."

"Haina sauti, lakini."

"Ina muziki."

"Ndiyo," mkewe akasema. "Ina muziki."

Kisha akamwambia kwamba mwajiri anataka jibu, mwisho wa wiki. Fundi akamsihi asubiri, akamweleza kwamba waliotazama ile ya kwanza walikuwa wengi mno, watu wengi hivyo hawawezi kupotea hivi hivi, watarudi. Aliongea sana. Upande wa pili mashine ya kufulia ilikuwa ikizunguka. Alikuwa bado anaongea mkewe alipoitwa kwa kengele, akakata simu bila kuaga.

Fundi alibaki na simu sikioni. Alijihisi amesema neno baya, lakini kila alipoyapitia maneno yake hakuliona.

*

Siku iliyofuata aliwahi darasani kabla vijana hawajajaa, akamwomba mwalimu amsaidie kujua kwa nini watazamaji wamemkimbia. Alisema "wamenikimbia" kwa mzaha, lakini uso haukuwa wa mzaha. Mwalimu akavuta kiti, akamwonyesha mahali ambapo hawakuwa wamefika kwenye masomo, panapokaa takwimu za kila video: nani katazama, akiwa wapi, aliishia wapi. Akafungua za ile ya kwanza, iliyofichwa.

"Loo, mzee, wewe una soko la nje na hutuambii," akasema. Karibu watazamaji wote walikuwa wa nchi moja, nayo haikuwa yao. "Una wateja huku? Huwa unasafirisha makochi?"

Fundi alilisoma jina la ile nchi. Alilijua, alikuwa ameliandika kwa mkono wake kwenye fomu za safari ya mkewe.

Mwalimu aliendelea, maana hakuwa amemtazama usoni. Alimwonyesha kimstari kinachopanda na kushuka chini ya video. Video nyingi, akaeleza, kimstari hushuka tu, watu wakiboreka wanaondoka. Hiki kilikuwa na nundu katikati.

"Hapa mtu anafika, anarudisha nyuma, anatazama tena. Tena na tena. Na wala si watu wengi, ngoja... Ni mmoja. Karibu zote ni mtu mmoja. Hapa kwenye nundu kuna nini?"

Akabonyeza. Chiriku akapita nyuma ya kochi na mkoba wake, akasema amerudi, akaziba mdomo, akakimbia, akauacha mlango wazi. Mwalimu akasimamisha hapo. Mikono ya mtoto ilikuwa imechomoza mbali nje ya mikono ya sare. Fundi alikuwa akila naye sahani moja kila siku, na hakuwa ameona kwamba amerefuka.

Kijana mmoja aliyekuwa ameingia akacheka, "Mzee kumbe ana shabiki." Mwalimu aliangalia skrini, akamwangalia Fundi, akaondoa mkono kwenye kipanya polepole. Akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Mama yake yuko huko?"

"Yuko huko."

"Mimi ndiye niliyekwambia umkate."

"Ulinifundisha kazi," Fundi akasema. "Kazi ulinifundisha vizuri."

Akainuka. Aliona haya kulia mbele ya watoto wa watu, na machozi yalikuwa yamekwisha kufika. Akashuka ngazi ameshika ukuta, akapita kati ya makopo ya rangi bila kumwitikia mwenye duka aliyemsalimu. Kilichomuuma si wateja. Wateja hawakuwapo tangu mwanzo, na mtu hapotezi asichokuwa nacho. Kilichomuuma ni kwamba kila siku alikuwa akishangilia ile namba inavyopanda, kumbe anashangilia upweke wa mkewe.

*

Alinunua bando la pesa yote iliyokuwa mfukoni. Nyumbani alikuta Chiriku amefika, amekaa sakafuni chumbani akifanya kazi za shule mahali palipokuwa na kabati. Fundi akairudisha hewani video ya kwanza. Halafu akasubiri saa ya wenye nyumba kulala, akampigia mkewe simu ya kuonana.

Simu iliita mara mbili ndipo mkewe akapokea. Mkewe alikuwa amekonda mashavu, amefunga kitambaa kichwani, nyuma yake shuka nyeupe zinaning'inia. Chiriku alisukuma kichwa chake kwenye picha akaanza kumwaga maneno, shule, rafiki yake, mtihani, na mama yake akawa anacheka na kujipangusa macho kwa pembe ya shuka. Walipotulia, Fundi akamwomba mtoto akateke maji.

"Kamera imepona," mkewe akasema.

"Haikuwa mbovu."

"Nilijua." Akashusha sauti. "Baba Chiriku, nimesaini. Jana jioni."

Fundi akafungua mdomo kusema neno lile lile la siku zote, watazamaji, akaliacha. "Nimeonyeshwa leo kwamba ni wewe," akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha. Sijakusikia na furaha siku nyingi. Nikasema, nitazame tena, iongezeke." Akajaribu kutabasamu. "Halafu nilikuwa namtaka mtoto. Nikimaliza vyombo namtazama anavyokimbia. Basi, mlango ukawa wazi, nikatazama na ndani."

Kabati hakulitaja. Hakukuwa na haja. Fundi alihisi uso unamwaka kuanzia masikioni.

"Mama Chiriku, ngoja nikueleze."

"Usinieleze umenikazia macho hivyo, utanilisha tena maneno. Weka simu pale, ufanye kazi yako. Nikuone ukifanya kazi. Utanieleza mikono ikiwa na shughuli."

Akaiegemeza simu kwenye rundo la sponji, akavuta fremu ya kiti alichokuwa amekiacha nusu. Kitambaa kikavutwa, stepla zikalia. Ilikuwa kweli, mikono iliposhughulika, ulimi ukafunguka. Akamweleza ameinama, bila kuangalia nyuma. Alimweleza jinsi duka la kona lilivyomnyang'anya usingizi. Alimweleza kwamba kabati alilitoa asubuhi Chiriku akiwa shule, ili mtoto asione, na kwamba aliyelinunua alilipunguza bei kwa sababu ya mkwaruzo ubavuni, na yeye akakubali upesi apate kuondokewa na aibu. Kwamba vyombo vimo kwenye ndoo. Kwamba kila alipofundishwa kukata alifikiri anajenga njia ya yeye kurudi. Akamwomba msamaha, akalitamka neno lenyewe, ambalo kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa akilizungukia. Akamwambia miaka miwili hii si kama ile, kwamba atampigia kila siku, na mlango utakuwa wazi, na asichokiona aulize.

Alipomaliza upande mmoja wa kiti akanyamaza, akisubiri. Hakusikia kitu. Akadhani analia, akampa muda.

Chiriku alikuwa amerudi na maji, amesimama karibu na sponji, ndoo bado mkononi. Safari hii hakuwa na haraka ya kusema.

"Baba, simu ilishakatika."

"Saa ngapi?"

"Zamani. Bando limeisha. Niliona ukiongea, nikaogopa kukukatisha."

Fundi akageuka. Kioo kilikuwa cheusi, na ndani yake aliuona uso wake na turubai. Akauliza, polepole, mama alisikia mpaka wapi.

Mtoto akafikiri, akitaka kuwa mkweli.

"Mpaka kwenye duka la kona. Ulikuwa hujafika kwenye kabati."

Fundi aliweka bunduki ya stepla chini. Mfukoni hapakuwa na kitu, na mwenye kiti kile angelipa kesho kama angekuja. Aliketi kwenye ukingo wa fremu tupu, mtoto akaketi kando yake, wakamwangalia jirani akianua nguo. Kesho yake, mwenye kiti akiwa amekwisha kulipa, nyumba ile ya mbali ilipojilaza, Fundi alipiga tena. Mkewe alipokea, akaacha simu imlalie begani huku akikunja shuka, na Fundi, kitambaa mkononi, akaanzia kwenye kabati.